Sindano Alivyoinyoosha Kodiani

Cherehani ikianza kuruka mishono, mafundi wengi hubadilisha sindano kwanza na kufikiri baadaye. Fundi anayeitwa Sindano huinamisha kichwa, huzungusha gurudumu kwa mkono mara tatu nne, na kusikiliza. Akishasikiliza hukwambia kilichoharibika, na mara nyingi huwa ni kitu ambacho hukukitaja ulipoingia. Mshonaji mmoja aliyemletea mashine inayokata uzi aliambiwa kwamba ubovu uko kwenye meza. Walibishana kwa dakika kumi. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi.

Jina hakupewa kwa sababu ya kazi. Alipewa shuleni kwa sababu ya wembamba, kazi ikaja baadaye kulihalalisha. Sasa ana miaka hamsini na sita, bado mwembamba, na karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kati ya kinyozi na duka la rangi. Ukutani kuna misumari arobaini, kila msumari na mkanda wake wa cherehani. Kwenye rafu ya juu kabisa, mbali na mafuta, hukaa sanduku jeusi lililochanika pembe. Ndani mna kodiani, kinanda kile cha kubana na kuvuta, ambacho huteremshwa kila Jumatano na Jumamosi alasiri fundi anapokwenda mazoezini.

Bendi yao inaitwa Viraka, na ina watu wanne. Dada yake Sindano, nesi mstaafu mwenye miaka sitini na moja, anapiga marimba. Kila mtu humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Gita linapigwa na mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, naye anaitwa Mwalimu tu. Ngoma ni za Bati, mnyoosha bodi za magari, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na ni katika uwanja wa gereji yake wanakofanyia mazoezi, katikati ya magari yasiyo na milango.

Wanachopiga ni kigumu kukipa jina. Shangazi ana nyimbo za kutwangia na kupalilia alizozichukua kwa bibi mzaa mama. Mwalimu ana rumba. Bati ana machi, nyimbo za gwaride za bendi ya tarumbeta, alizozisikia akiwa mtoto kupitia ukuta wa kambi. Sindano anapenda walsi, dansi ya kuhesabu tatu tatu, kama watu wengine wanavyopenda mpira. Wimbo wa Viraka unaweza kuanza na wanawake kinuni, katikati walsi ikaingia bila kubisha hodi, kisha machi ikaja kuwatoa wote nje. Bendi nyingi hujaribu mchanganyiko wa namna hiyo na unaweza kuhesabu wanapobadilisha gia. Wa Viraka hauhesabiki. Msikilizaji hushtuka tu kwamba mguu wake unahesabu tatu badala ya nne, na hajui ni tangu lini.

Kwa miaka ishirini hakuna aliyejiuliza kwa nini mambo huenda hivyo. Walidhani ni mazoezi.

Mwaka huu ilikuja barua. Idara moja ya kutunza sauti ilikuwa inazunguka ikirekodi bendi ndogo, na fundi mitambo wao aliwahi kuwasikia Viraka kwenye ufunguzi wa zahanati. Angekuja Jumamosi fulani kurekodi nyimbo sita. Sentensi ya mwisho ya barua Shangazi aliisoma mara mbili kwa sauti: tunautaka muziki wenu kama ulivyo.

Sindano aliisikia sentensi hiyo kama agizo la kufanya usafi. Siku hizo hizo Mwalimu alikuwa amemwekea kwenye simu programu ya kupimia sauti. Unapiga noti, na kwenye kioo mshale unayumba. Noti ikiwa sawa, mshale husimama katikati na kuwa wa kijani. Sindano aliweka simu juu ya meza, akavuta kodiani, akabonyeza. Mshale ukawa mwekundu. Akabonyeza nyingine, nyekundu. Alipanda na kushuka kinanda chote. Kijani alizipata mbili.

Mtu ambaye husikia mguu wa meza uliopungua kwa sauti ya uzi hawezi kuishi na jambo kama hilo. Aliwaambia wenzake kwamba kodiani ina kifua na itakosa mazoezi kwa wiki tatu.

"Ipe asali na tangawizi," alisema Bati.

"Inahitaji kulazwa."

Ndani ya kodiani, sauti hutoka kwenye vipande vyembamba vya chuma viitwavyo ndimi. Upepo wa mivukuto ukipita, ulimi hutetemeka. Ukiukwangua kwa tupa kwenye ncha, sauti yake hupanda. Ukiukwangua kwenye shina, hushuka. Kila noti ya mkono wa kulia ya kodiani ile ina ndimi nne, na Sindano, akitumia tupa ndogo anayonyooshea ndoano za cherehani, alipitia noti thelathini na moja. Tatu za mwisho upande wa juu aliziacha. Hakuna aliyewahi kuzipiga, na simu haikuzisikia vizuri. Ndimi mia moja ishirini na nne, moja moja, hadi kijani. Wateja waliambiwa warudi wiki ijayo. Mke wake alipopita na chakula cha mchana alimkuta ameinama na kioo cha kukuzia jichoni.

"Baba watoto, huo ndio mchezo gani?"

"Naondoa makosa ya miaka."

"Ukimaliza hayo uje nyumbani, yapo mengine."

Jumamosi ya mazoezi, zikiwa zimebaki wiki mbili kamili kabla ya kurekodi, alifungua sanduku katikati ya uwanja wa Bati kama mtu anayemtoa mtoto wake aliyevishwa nguo mpya. Walianza na wimbo wanaoujua kuliko yote, ule wa kutwanga unaoingiliwa na walsi. Shangazi alipiga mistari minne peke yake. Kodiani ikaingia juu yake.

Bati aliacha kupiga kwanza. Kisha Mwalimu. Shangazi aliendelea mpaka mwisho wa mstari, kwa sababu ndivyo alivyo, akaweka fimbo zake chini.

"Nani amekanyaga paka?"

"Shangazi, kodiani sasa iko sawa," alisema Sindano. "Nimeipima yote."

"Iko sawa na nani?"

Walijaribu tena bila marimba. Kodiani na gita vilikubaliana vizuri mno, kila noti safi kama sahani iliyooshwa. Lakini wimbo ulikuwa umeachana vipande. Walsi ilikuwa walsi, tamu, ya ukumbini. Rumba ilikuwa rumba. Machi ilipokuja, ilikuja kama bendi nyingine iliyokosea mlango. Mahali pa kila mshono paliweza kuguswa kwa kidole.

Mwalimu alikuwa anatazama ncha za vidole vyake vya kushoto. "Haviumi," alisema.

"Vipi?"

"Kila tukimaliza mazoezi, hivi vidole huniuma. Leo haviumi. Kuna noti ambazo huwa nabana noti ya chini yake kisha nauvuta uzi kando kidogo ili sauti ipande. Nilidhani ni staili yangu. Kumbe nilikuwa naifuata kodiani mbovu."

"Miaka ishirini unaniambia ni staili yako," alisema Bati. "Umewahi hata kunifundisha."

Mwalimu alichukua chaki ya kuwekea alama kwenye bodi na kuchora juu ya boneti iliyolala chini. Alichora ngazi mbili. Kwenye ngazi ya kwanza, ya simu, vipandio vilikuwa na nafasi mbalimbali: hatua ndefu, ndefu, fupi, tena ndefu. Hatua fupi inapokaa, alieleza, ndipo sikio linapojua kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni, wa gwaride au wa kubembeleza. Kisha alimwomba Shangazi apige vibao vya marimba kimoja kimoja huku simu ikisikiliza, na akachora ngazi ya pili. Hatua zake saba zilikaribia kulingana. Sikio likipanda ngazi hiyo halipewi jibu. Ndiyo maana walsi iliweza kuingia kwenye wimbo wa kutwanga: hakuna aliyeulizwa kitambulisho mlangoni.

Wote wanne walisimama kuizunguka boneti kama watu wanaotazama ajali.

"Kwa hiyo dawa ni nyepesi," alisema Mwalimu. "Chuma tayari kimenyooshwa. Mbao zinakwanguka. Tukichukua patasi kwa uangalifu, kibao kwa kibao, Shangazi analingana na kodiani kwa siku mbili."

Marimba ile ina vibao kumi na tano. Baba yao, seremala, aliichonga kwa masalio ya mbao za milango miaka mingi kabla ya kufa, na amekufa miaka kumi na moja iliyopita.

"Mwalimu," alisema Shangazi polepole, "atakayegusa mbao za baba kwa patasi, nitamshona midomo. Na nitamshona bila ganzi. Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na mbili, mkono wangu haujasahau."

"Lakini mbao ikikatwa..."

"Ikikatwa hairudi. Ndicho ninachosema. Huyu mdogo wangu amevuruga chuma, atakitengeneza chuma. Asipoweza, mwambieni mgeni wenu arekodi watu watatu."

Alifunga fimbo zake kwenye kitambaa na kuondoka. Hakuna aliyedhani anatania.

Sindano hakuwa na wasiwasi na dada yake peke yake. Kilichomsumbua kilikuwa swali la kifundi, na aliondoka nalo uwanjani. Kama kodiani ilikuwa mbovu kwa uzee, ubovu wa uzee huwa ovyo: noti hii imeshuka, ile imepanda, kwa kutu na kuchoka. Ngazi ya pili ya Mwalimu, ambayo kodiani ililingana nayo miaka yote, haikuwa ovyo. Ilikuwa imepangwa. Je, marimba ilichongwa kuifuata kodiani, au kuna mtu aliyeipindisha kodiani? Na kama yupo, ushahidi ulikuwa kwenye shina za ndimi, mahali pale pale alipopitisha tupa yake kwa wiki tatu na kuacha chuma king'aacho kama kijiko.

Kesho yake, Jumapili mchana, akiwa amefunga nusu ya mlango, alikumbuka zile noti tatu za juu ambazo hakuzigusa.

Alizitoa kwenye kitanda chao cha nta na kuziweka chini ya kioo cha kukuzia. Ndimi zilikuwa ndogo kama kucha ya mtoto, na kwenye shina la kila moja kulikuwa na mikwaruzo mitatu au minne, mizito, ya mshazari. Kiwanda hakiachi alama kama hizo. Tupa ya cherehani haiachi alama kama hizo. Sindano alivuta droo ya chini, akatoa tupa ya pembe tatu ya kunolea misumeno, na kukwangua kipande cha chuma chakavu. Alama zilikuwa ndugu.

Baba yao alikuwa ameinunua kodiani kwenye mnada wa shule iliyofungwa, karibu mpya, ikiwa kijani, kwa kipimo cha simu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaikwangua yote, hata zile noti tatu ambazo hazina kibao kinacholingana nazo na ambazo hakuna mtu angezipiga. Kwa tupa ya misumeno.

Sindano alikwenda kwa dada yake na zile ndimi zikiwa kwenye kiberiti. Alimkuta anaanua nguo. Shangazi alizitazama kwa kioo, akiwa bado na vibanio mdomoni.

"Kwa hiyo haikuwa mbovu," alisema alipovitoa.

"Haikuwa mbovu."

"Na wewe ukaitibu."

"Dada, nimekuja kuomba msaada, matusi utanipa njiani. Siwezi kuirudisha kwa simu. Simu haijui kinachotakiwa. Nakihitaji kibao chenyewe, na mtu wa kukipiga."

"Ndimi ngapi?"

"Sitini, zile zinazokutana na marimba."

Shangazi alikunja shuka, pembe kwa pembe, kama anavyokunja shuka za hospitali. "Nitakuja kesho saa tatu," alisema. "Uwe umefagia."

Karakana haikuwahi kuwa na marimba ndani. Ililazwa juu ya cherehani mbili zilizogeuzwa, na Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja. Kazi ilikuwa na mwendo wake. Yeye anapiga kibao mara moja na kuacha kiimbe. Sindano anapuliza ulimi kwa mvukuto mdogo aliotengeneza kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Wanasikiliza. Vikiwa karibu lakini havijakutana, sauti mbili husababisha mtikisiko hewani, wau-wau-wau, na kadiri zinavyokaribiana mtikisiko hupungua kasi, hadi unatulia. Sindano hukwangua shina, mikwaruzo miwili, na kupuliza tena.

"Bado."

"Nasikia."

"Sasa umepita."

"Sijapita, subiri chuma kipoe."

"Chuma kimepoa tangu juzi. Umepita."

Wateja waliingia na kukuta hali hiyo. Mama mmoja mwenye cherehani ya mkono kichwani alisimama mlangoni akisikiliza wau-wau-wau kwa robo saa, kisha akauliza kama mashine yake nayo itachunguzwa hivyo. Kinyozi wa jirani alilalamika kwamba mteja wake amesinzia na sikio limekwanguliwa. Kufikia Jumamosi walikuwa wamerudisha ndimi thelathini na sita. Mazoezi hayakufanyika, Bati alikuja kuona, akashika ulimi mmoja kwa vidole vyake vinene, akaurudisha haraka.

"Mimi nikikosea napiga putti, naziba," alisema. "Nyinyi mnapiga nini?"

Swali lilikuwa zuri. Chuma kilichokwanguliwa kwenye ncha ili kipande, kisha kwenye shina ili kishuke, kinakuwa chembamba pande zote mbili. Sindano alilijua hilo tangu siku ya kwanza na hakulisema. Alianza na ndimi kubwa, zenye nyama. Ndogo alizibakiza mwisho.

Jumanne ya wiki ya pili, ikiwa imebaki siku nne, walifika kwenye kibao cha kumi na mbili. Ulimi wake wa kwanza ulikuwa juu sana. Mikwaruzo miwili, haukushuka vya kutosha. Miwili tena. Mtikisiko ulikuwa bado wa haraka. Sindano alipitisha tupa mara ya tano, akapuliza, na badala ya sauti kukatoka mlio mdogo kama wa kokwa linalopasuliwa. Ulimi ulikuwa umekatika kwenye shina.

Aliuokota kwa koleo, akauweka kwenye kifuniko cha kopo la mafuta.

"Kuna ngapi za aina hiyo?" aliuliza Shangazi.

"Zimebaki kumi na tano. Huu ulikuwa wa kwanza. Unaofuata wa noti hiyo hiyo ni mwembamba kuliko huu."

"Ukiendelea?"

"Nusu yake zitakatika. Labda zaidi."

"Na ukiacha?"

"Nikiacha, vibao vinne vya juu na kodiani havitaongea. Walsi yote iko huko juu."

Barabarani mtu alikuwa anabishana na muuza rangi kuhusu kopo lililokauka. Shangazi akafungua mkoba wake, mkoba ule ule wa kinesi wenye mifuko mingi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha pamba. Kilikuwa kipande cha chupa, kimevunjwa kwa ustadi, ukingo wake umenyooka. Alikilegeza kibao cha kumi na mbili kwenye kamba zake, akakigeuza, akakikwangua kwenye mwisho wake. Unga mwekundu ulianguka gotini mwake. Akakirudisha na kukipiga. Kilikuwa kimepanda kidogo kuelekea kwenye ulimi.

Sindano alimtazama kama mtu aliyemwona kasisi akitafuna katikati ya ibada.

"Umefanya nini?"

"Puliza huo ulimi unaofuata."

"Dada, umekwangua mbao za baba!"

"Puliza kwanza."

Alipuliza. Mtikisiko ulikuwa umepungua.

"Unafikiri mbao hazikauki?" alisema Shangazi. "Tangu baba afariki, kila kiangazi hivi vibao vinapanda na kila masika vinashuka. Nani alikuwa anavirudisha, malaika?"

"Ulinitishia patasi. Ulimtishia Mwalimu ganzi."

"Nilisema patasi. Hii ni chupa."

Sindano alikaa chini, juu ya kasha la vipuri. "Ulikuwa unavirudisha kwa kufuata nini?"

"Kwa kufuata kodiani. Ningefuata nini kingine? Chuma hakinyonyi maji. Baba ameniachia mbao, amekuachia chuma, nikasema basi kipimo kiko kwako. Ukimaliza mazoezi nakwenda nyumbani na sauti yako kichwani, nakwangua."

Sindano alianza kucheka, na kicheko chake hakikuwa cha furaha tupu. "Kila mwaka ndimi tatu nne zinashika kutu," alisema. "Nazitoa, nazisafisha, kutu inaondoka na chuma, sauti inabadilika. Unajua nazirudisha kwa kufuata nini?"

Shangazi alishusha kipande cha chupa.

"Usiniambie."

"Marimba yako. Nasema baba aliichonga mwenyewe, mbao haidanganyi."

Miaka kumi na moja. Kila mmoja alikuwa amemshikilia mwenzake kama ukuta, na wote wawili walikuwa wakitembea. Walijaribu kukadiria wamefika wapi. Ndimi za zile noti tatu ndani ya kiberiti ndizo pekee ambazo hazikuguswa na yeyote tangu mkono wa baba, nazo hazikuwa na kibao cha kuulizwa. Sindano alizipuliza hata hivyo, moja baada ya nyingine, sauti za juu kama za ndege wadogo. Shangazi aliimba noti hizo akizishusha chini hadi mahali pa vibao, akapiga, akasikiliza, akapiga tena. Ya kwanza ilikuwa karibu. Ya pili ilikuwa mbali kiasi cha kumfanya akunje uso. Ya tatu hawakukubaliana.

"Sasa sauti ya baba ni ipi?" aliuliza Sindano.

"Sijui." Shangazi aliipuliza mbao kuondoa unga. "Na yeye aliikwangua kufuata nini, hilo nalo hatujui. Lete tupa, tuna siku nne."

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Ulimi ulipokuwa na nyama, ulishuka. Ulipokuwa mwembamba, kibao kilipanda. Mara nyingi walikutana njiani, mikwaruzo miwili ya tupa na mmoja wa chupa, bila kushauriana, mtikisiko ukipungua kutoka pande zote mbili hadi unatulia. Waligombana kidogo zaidi, kwa sababu sasa kila mmoja aliweza kukosea. Shangazi alikwangua kibao cha kumi na nne kupita kiasi, akakiri, na Sindano akapandisha ulimi kukifuata bila kusema neno, ingawa alikohoa. Ulimi mwingine ulikatika Alhamisi. Ijumaa saa kumi alasiri walifunga kodiani kwa skrubu zake kumi na mbili na kumwita Mwalimu kwa simu.

Mwalimu alikuja na gita na Bati akaja na ngoma moja. Walipiga hapo hapo karakanani, magoti yakigusana. Walsi iliingia kwenye wimbo wa kutwanga. Mwalimu, ambaye alikuwa anaisubiri kwa makusudi ili aone itakapoingilia, alijikuta ameshafika upande wa pili. Alitazama vidole vyake. Vilikuwa vinavuta uzi, lakini noti ya sita aliuvuta zaidi kuliko alivyozoea.

"Hapa si pale pale," alisema.

"Sivyo," alikubali Sindano.

"Nijifunze upya?"

"Vidole vinne tu, Mwalimu," alisema Bati. "Mimi ningekuwa nimeshamaliza."

Jumamosi fundi mitambo alifika na gari dogo, nyaya na vipaza sauti vinne. Alikuwa kijana makini, mwenye fomu. Alipanga vipaza sauti katikati ya magari, akaomba kwanza asikie vyombo kimoja kimoja. Kwenye noti mbili za juu kodiani ilikuwa na sauti nyembamba kidogo, pale ulimi mmoja mmoja ulipokosekana. Aliuliza kama ni hitilafu. Sindano alisema ndiyo, ni yake mwenyewe, aiache.

Fundi mitambo akavaa visikizio na kufungua programu kwenye kompyuta yake. Mshale uliyumba, mwekundu. Akakunja shingo. Hakuonekana kukasirika, alisogea karibu, akaomba noti ile tena, kisha inayofuata.

"Kwenye fomu naandika vyombo vimelinganishwa kwa kufuata kipi," alisema. "Kuna chombo kimoja ambacho ndicho kipimo, wengine wanakifuata. Hapa ni kipi?"

"Marimba," alisema Sindano.

"Kodiani," alisema Shangazi, katika pumzi hiyo hiyo.

Kijana alimtazama huyu, akamtazama yule, kalamu ikiwa hewani.

"Mwanangu, acha nafasi," alisema Shangazi. "Washa mashine kwanza tupige. Ukimaliza kusikiliza, utujulishe na sisi."

Akawasha. Shangazi akaanza mistari yake minne.